Msiruke Kosa la Peter

Walimu wenzangu na wazazi, Heidi mnamjua: yatima wa miaka mitano anayepelekwa kwa babu yake mlimani, kule Uswisi. Habari za mbuzi na maziwa sina haja ya kuwasimulia. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikialikwa: mkiwasomea watoto riwaya hii, msiruke kosa la Peter.

Johanna Spyri alitoa sehemu ya kwanza mwaka 1880, ya pili ikafuata 1881. Kosa limo katika ya pili, kwa hiyo msiishie ya kwanza!

Klara, rafiki yake Heidi, amekuja kutoka Frankfurt, Ujerumani, hawezi kutembea, na Heidi yuko naye muda wote. Peter, mchunga mbuzi, anaona amenyang'anywa rafiki. Asubuhi moja anakikuta kiti cha magurudumu cha Klara nje ya kibanda, hakina mtu. Anakisukuma kwa hasira, kinaporomoka na kuvunjikavunjika.

Siku hiyohiyo, kule malishoni, Heidi anataka Klara akayaone maua. Kiti hakipo. Anamwita Peter wasaidiane kumwinua. Peter anagoma, Heidi anamtisha kidogo tu, naye anakuja mbio maana anadhani ameshajulikana. Klara anamshika Heidi shingoni, mkono wa pili anaupitisha kwenye wa Peter. Peter hajawahi kumpa mtu mkono. Ameukaza kama fimbo, mpaka Heidi amwelekeze namna ya kuukunja. Basi Klara anapiga hatua zake za kwanza akiwa ameushika mkono uleule uliosukuma kiti. Na hapo hakuna mtu mzima aliyehubiri neno.

Peter hapati amani. Baba yake Klara anapopanda mlima, mtoto anadhani ni polisi wa Frankfurt. Bibi yake Klara anapoujua ukweli, hamfichi kitu: anamweleza kwamba ndani ya kila mtu amelala mlinzi mdogo, na ukitenda ovu anaamka na mchokoo wake, anakuchoma usiku na mchana. Peter anakubali kwamba ndivyo ilivyomkuta. Ndipo bibi anamsamehe na kumwambia aombe zawadi. Anaomba sarafu ya pfennig 10, yaani senti 10 za Kijerumani. Anaahidiwa moja kila wiki, maisha yake yote.

Najua mtakaloniambia: huku si kumlipa mharibifu? Hapana, na sichoki kulijibu hili. Tazameni mpangilio. Kosa limetajwa, nia mbaya imetajwa, mtoto amekubali, ndipo msamaha ukaja. Adhabu ameshaitumikia kwa hofu yake mwenyewe. Ukianza na bakora, mtoto atajifunza kuficha vizuri zaidi, basi!

Wengine husema milima ya Uswisi inawahusu nini watoto wetu. Mtoto aliyechunga mbuzi Kondoa anamwelewa Peter kuliko wengi wa Ulaya ya leo.

La babu nalipitia haraka. Miaka mingi amekosana na kijiji. Heidi anamsomea habari ya mwana mpotevu, na kesho yake, Jumapili, wanashuka kanisani, watu wanampokea. Kuna na mikate ya bibi yake Peter, yule kipofu, ila naona mwenyekiti ananionyesha saa.

Someni kwa sauti. Kiti kikishaporomoka, funikeni kitabu kwanza, muwaulize watoto Peter afanywe nini, na muwasikilize wote kabla ya kuendelea. Maswali, karibuni.