Likizo nyumbani: mwili wako umeshakuwa mgeni

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Shule karibu zinafungwa, na Watanzania wa hapa Birmingham wameshakata tiketi. Baraka, nasikia na wewe umo?

BARAKA: Nimo, dada. Mwanza, mimi, mke na watoto wawili. Masanduku yameshajaa zawadi.

ZUHURA: Na vidonge vya malaria?

BARAKA: (anacheka) Vya nini tena? Mimi mtoto wa Igoma, malaria nimeugua mpaka tukazoeana.

ZUHURA: Hapo hapo ndipo ninapopataka. Ile kinga uliipata kwa kuumwa na mbu kila mara. Ukishakaa Ulaya miaka, inapungua. Wanao ndiyo hawajawahi kuwa nayo kabisa. Hapa Uingereza, wengi wanaorudi na malaria si watalii wa Serengeti, ni sisi tuliokwenda Afrika kusalimia wazazi.

BARAKA: Mtalii anajipaka dawa ya mbu mpaka masikioni, bwana.

ZUHURA: Na analala hotelini wiki moja, anaondoka. Wewe utakaa wiki tano, utavuka kwenda kwa bibi Sengerema, mpige stori uani mpaka saa sita usiku. Saa za mbu wa malaria ndizo hizo.

BARAKA: Haya, nimesalimu amri. Nikifika nitapitia duka la dawa, nichukue dawa mseto.

ZUHURA: Mseto ni ya kutibu, Baraka! Ya kuzuia ni nyingine, na unaianza kabla hujapanda ndege. Malarone unameza siku 1 au 2 kabla, kila siku ukiwa huko, na siku 7 ukisharudi. Doksisaiklini bei yake nafuu, ila ukirudi unaendelea nayo wiki 4, na watoto wadogo na wajawazito hawapewi. Dozi ya mtoto huenda kwa kilo zake. Mpeleke apimwe, usije ukamkatia kidonge chako kwa kisu cha jikoni.

BARAKA: Mama bado anatunza klorokwini kabatini, eti kwa ajili ya wajukuu.

ZUHURA: Jamani! Tanzania iliiacha 2001, vimelea vilishakuwa sugu. Mwambie aitupe, kwa heshima zote.

BARAKA: Tatizo ni pesa. Watu wanne hao.

ZUHURA: Hilo silipingi. Chanjo za homa ya matumbo na homa ya ini A unapata bure NHS, huduma ya afya ya serikali hapa. Vidonge vya malaria unalipia, na homa ya manjano unalipia. Ndiyo maana nasema uende kliniki wiki 4 hadi 6 kabla, upate nafasi ya kulinganisha bei.

BARAKA: Homa ya manjano si lazima Tanzania, au?

ZUHURA: Inategemea umepitia wapi. Ukitoka Uingereza bila kupita nchi yenye homa hiyo, huulizwi. Ukikaa uwanjani Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa 12, kadi ya chanjo inatakiwa. Kongo inadai kadi kwa kila anayeingia. Chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia, na tangu 2016 kadi ni ya maisha, hata ile yako ya zamani. Mwenye miaka 60 na zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza.

BARAKA: Watoto nimewaahidi kuogelea ziwani.

ZUHURA: Hiyo ahadi ivunje. Kichocho hakina chanjo wala kidonge cha kuzuia. Vimelea vinatoka kwa konokono, vinapenya ngozi mtoto akiwa anacheza tu majini. Watafutie bwawa la hotelini.

BARAKA: Watalia.

ZUHURA: Walie. Na wakishaingia bila wewe kujua, maana ndiyo watoto hao, wapimwe baada ya miezi mitatu hivi, hata kama hawaumwi popote.

BARAKA: Na tukirudi mtu akapata homa?

ZUHURA: Hata kama ni miezi imepita, msikae na panadoli mkisubiri. Hospitali siku hiyohiyo, na useme kabla hujaulizwa: tulikuwa Tanzania, naomba kipimo cha malaria.

BARAKA: Wataniambia ni mafua.

ZUHURA: Watakuambia. Wewe usinyanyuke kwenye kiti mpaka damu itolewe.