Waya Unapita, Mashine Bado ni ya Dizeli

Kamwene! Wazee wangu, mama zangu, vijana. Wengi mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia: umeme unatoka huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, lakini kipato chake kinabaki mjini. Nguzo nyingi za mbao zinazobeba umeme wa nchi hii zimekatwa Mufindi na Njombe. Maji yanayozungusha mitambo ya umeme ya Mtera, megawati 80, kisha Kidatu, megawati 204, yanaletwa na mto Ruaha Mkuu kutoka milima yetu ya Uporoto na Kipengere.

Mtu ataniambia, "REA, Wakala wa Nishati Vijijini, si imeshafika?" Imefika. Sheria ya Nishati Vijijini ilipita 2005, leo karibu kila kijiji kina nguzo, na kuunganishiwa ni shilingi 27,000. Sibezi hata kidogo. Lakini nendeni kwa mama mmoja mwenye mashine ya kusaga, kijiji sikitaji. Waya unapita juu ya bati lake, naye bado anawasha injini ya dizeli. Kwa nini? Laini aliyoletewa ni ya fezi moja, yaani waya mmoja wa moto, wa kutosha taa na vifaa vidogo, na mota ya mashine yake inataka fezi tatu, nyaya tatu za moto. Kwa hiyo dizeli inatoka mjini kwenye dumu, juu ya bodaboda, na gharama yote hiyo inamwangukia jirani aliyebeba debe lake la mahindi. Mwenye mashine Iringa mjini anabonyeza swichi tu. Anasaga mahindi yaleyale, tena ya kwetu! Halafu tunashangaa vijana wanakimbia.

Wapo wanaosema mkulima aanze na taa, mashine zitafuata. Zitafuata kwa fedha gani? Luku atanunuaje, kama umeme wenyewe haumwingizii kitu? Utafiti wa bajeti za kaya wa 2017/18 ulikuta umaskini wa mahitaji ya msingi ni asilimia 31.3 vijijini, mijini 15.8. Balbu haiwezi kuziba pengo hilo. Viazi vya Makete vinaondoka vibichi, tena kwa lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo. Maziwa ya jioni Rungwe yanaganda kwa kukosa tangi la kupoozea. Kinachoongezwa thamani kinaongezwa mjini, na faida inalala hukohuko.

Kuni na mkaa nilitaka niviseme kwa kirefu, naona mwenyekiti anatazama saa. Serikali inataka asilimia 80 wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Vizuri. Mtungi wa kwanza wa gesi mtagawiwa. Fedha za kuujaza tena mtatoa wapi, kama viazi vimeondoka kwa lumbesa?

Waheshimiwa madiwani, mkandarasi akija kijijini, kabla hajachimba shimo la kwanza, mwulizeni: fezi ngapi? Na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano. Karibuni kwa maswali.