Estimate sio guess: mazungumzo yangu na vijana wa Kigoma mjini

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari za asubuhi. Nashukuru mmekuja, najua leo Jumamosi na wengine mmeacha dagaa juani kule Kibirizi, kwa hiyo sitawaweka sana. Nimeombwa niongelee Kiingereza cha kazini, mi nikasema kila kitu siwezi, nitakaa kwenye neno moja, estimate, na majirani zake, maana hili neno liliwahi kuniumiza.

Miaka ya nyuma nilikuwa namuandikia ripoti mnunuzi mmoja wa dagaa wa nje ya mkoa. Kazi tuliifanya vizuri kabisa, tulihesabu magunia yote yaliyokuwa stoo, tukatoa 10 huku na huku bila kubagua, tukaweka kwenye mzani, tukapata wastani wa gunia moja afu tukazidisha kwa idadi yote. Nilipokaa kuandika nikaandika we guess, maana kichwani kwangu guess na estimate zote zilikuwa kukisia basi. Jibu likaja kwamba wao hawalipii mzigo wa kubahatisha, tupime upya gunia kwa gunia. Vijana wawili walishinda pale kutwa nzima wanapandisha na kushusha magunia ambayo uzito wake tulikuwa tunaujua, na kiasi kilichotoka hakikuwa mbali na kile nilichoandika. Hesabu ilikuwa sawa, neno ndo halikuwa sawa.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi Kiswahili chetu tofauti hiyo kinaijua siku zote. Mchukue mama anayekamua mawese, mpelekee mikungu ya chikichi, ataiangalia, ataishika, ataangalia imeiva vipi, afu anakwambia hapa lita 20 hivi. Huyo mama kakadiria, mikungu mingapi imepita mikononi mwake. Sasa muulize mgeni aliyeshuka na treni jana, akikwambia lita 50 huyo kaotea, kabahatisha, na hata mkono wake hajaupaka mafuta. Kwa Kiingereza yule mama ni estimate, yule mgeni ni guess. Kwa hiyo ukiandika estimate unamwambia mtu nina kitu nimesimamia, njoo uniulize nimepataje, na ukiulizwa uwe nalo jibu. Kuna na neno guesstimate, wameunganisha yote mawili, yaani hesabu ipo kidogo na kubahatisha kupo kingi, hilo la kuongelea kijiweni sio la kwenye ripoti.

Neno lenyewe estimate asili yake Kilatini, mzizi wake ni kuthaminisha kitu, kukipa thamani, na kwenye mzizi huohuo limetoka esteem ambalo ni heshima, kumwona mtu ana thamani. Ndo maana mtu akisema don't underestimate me hazungumzii hesabu, anakwambia usinidharau, usinichukulie poa. Na letu kukadiria limetoka Kiarabu, ni ndugu na kadiri na kadari, wazee wa Ujiji hapa wanajua vizuri kuliko mimi, kadari ni kile Mungu alichokipimia. Nikilifikiria hilo naona hawa watu wawili mbali kabisa, Mrumi na Mwarabu, wote walichukulia kupima kwa akili ni jambo zito, sio kurusha namba tu.

Sasa majirani. Reckon ni rahisi, ni ile naona yetu. Mwingereza akisema I reckon it will rain ni sawa na mvuvi hapa anaangalia wingu upande wa Kongo anasema naona mvua hii. Ni maoni ya mtu anayejua, ila ni ya mdomoni, kwenye barua rasmi usilitie. Zamani lenyewe lilimaanisha kuhesabu hasa, na mabaharia bado wana msemo wao dead reckoning, maana yake huoni nchi kavu wala alama yoyote, lakini unajua umeelekea wapi, kwa mwendo gani, kwa muda gani, basi unapiga hesabu uko wapi. Wale waliokuwa wanavua usiku kabla ya simu zenye ramani walikuwa wanafanya hivyohivyo mita zaidi ya elfu moja za maji zikiwa chini yao, na asubuhi wanarudi mwaloni kwao. Hakuna aliyewafundisha jina lake.

Gauge mnalijua, linasomwa geji sio gauji, na fundi yeyote wa umeme au wa reli atakwambia geji. Kwanza ni kipimo, fimbo ya kupimia. Reli hii iliyofika hapa 1914 geji yake ni milimita 1,000, ile mpya ya SGR ni milimita 1,435, ni umbali kati ya chuma na chuma. Ukilifanya kitendo, to gauge, ni kupima kitu kwa kukisoma, hata kisicho na mzani. Mwenye duka anapomwangalia mteja usoni ajue bei imemshtua au la, pale ana-gauge. Assess lenyewe lina ofisi nyuma yake, kuna mtu mwenye mamlaka ameketi anakutathmini, wafanyabiashara mkisema mwaka huu nimekadiriwa kodi laki kadhaa ndo hilo.

Approximate nataka tulitenganishe kidogo maana mlisoma Form One mkachanganya. Ukitumia 22/7 badala ya pai hukukadiria kwa kutokujua, unajua kabisa 22/7 sio pai yenyewe, umechukua ya karibu ili kazi iende. Kwenye estimate ile kamili huna mkononi, kwenye approximate unaweza kuwa nayo ila umetumia ya karibu yake.

Kwenye kuandika angalieni mambo mawili. Kitendo mwishoni kinasikika meit, I estimate, lakini jina linasikika mit, an estimate, ukichanganya mtu wa interview anakusikia. Halafu msirundike. Estimated about roughly 300 kilos ni kama kusema takriban karibu kama kilo 300 hivi, mtu anabaki anajiuliza huyu ana namba au anaogopa namba. Moja inatosha, the weight is estimated at 300 kilos, afu sentensi inayofuata useme umepataje.

Dada pale nyuma uliyenyoosha mkono, sema. Anauliza, yeye ni nesi, kwenye kadi ya kliniki kuna EDD, yaani estimated date of delivery, tarehe ya kujifungua, ile E ni estimated, je hiyo nayo ni kukadiria kweli maana akina mama wanaichukua kama tarehe ya basi kuondoka.

Swali zuri sana. Ni kukadiria kweli na tena kuna kanuni, unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku 7, unarudi nyuma miezi 3, kwa hiyo kama ilikuwa tarehe 10 Juni unapata 17 Machi ya mwaka unaofuata, ni kama wiki 40. Lakini kanuni hiyo inachukulia mzunguko wa siku 28, na sio wanawake wote wako hivyo, na wengine tarehe yenyewe hawaikumbuki vizuri. Watoto wanaozaliwa siku ileile ni wachache, wengi wanakuja kabla au baada na wako salama. Kwa hiyo dada yangu usimwambie mama utajifungua tarehe 17, mwambie tunakadiria karibu na tarehe 17, anaweza kutangulia anaweza kuchelewa, akipitisha arudi kliniki asikae nyumbani kusubiri, na kama anakaa vijiji vya ziwani ambako kufika hospitali ni mpaka boti basi nauli na begi viwe tayari tangu Februari.