Kiti cha Mtoto Kinunuliwe Kule Gari Litakakoendeshwa

Wazazi wenzangu, habari za mchana. Najua wengi mliopo hapa mna tiketi mkononi, wengine viza imetoka juzi tu, na kila siku kuna kitu kipya cha kufungasha. Leo tupunguze kimoja: kiti cha mtoto cha gari. Kama unahamia Uingereza na mtoto mdogo, usikinunue hapa, usimwagize jamaa aliyeko Marekani, na ukipewa cha bure usikitie gari kabla hujasoma stika yake. Nitaeleza sababu, kisha tutakikagua hiki kilichoko mezani.

Kwanza tumalizane na mazoea ya kumpakata. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga ukuta, husimama kwa kufumba na kufumbua. Katika kitambo hicho kila kilichomo ndani kinaweza kusukumwa mbele kwa nguvu inayofika mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 anakuwa mzigo wa kilo 200, yaani mifuko minne ya saruji. Hakuna mama, hata awe na nguvu vipi, atakayeizuia kwa mikono. Na kujifunga naye kwenye mkanda mmoja ni hatari zaidi, maana mwili wako wewe ndio utakaomkandamiza kwenye mkanda. Naomba hilo tusilirudie tena, hapa wala huko.

Sasa sheria. Uingereza mtoto anatakiwa kukaa kwenye kiti chake mpaka atimize miaka 12 au afikishe urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Kiti chenyewe lazima kiwe na idhini ya kanuni za Umoja wa Mataifa, ama R44 ya zamani inayopima kwa kilo, ama R129 inayopima kwa sentimita. Marekani wana kanuni yao, Kanada yao, Australia yao. Kiti cha Marekani kinaweza kuwa imara sana kwao, lakini ukikitumia London unavunja sheria.

Wengi hudhani huo ni urasimu tu. Si urasimu. Viti vya Marekani vimetengenezwa kwa magari ya Marekani, ambako mkanda wa abiria ukiuvuta mpaka mwisho hujifunga usirudi wala kulegea, na hivyo ndivyo kiti kinavyokazwa. Magari mengi ya Ulaya mkanda wake hauna ufungo huo. Unashika tu pale gari linapofunga breki ghafla. Ukifunga kiti cha Kimarekani kwenye gari la namna hiyo, siku ya kwanza kitakuwa kimekaza, baada ya wiki kinacheza, na wewe hujui. Tena viti vya Marekani vina kibanio cha kifuani kinachounganisha mikanda miwili ya mabega. Vya Ulaya havina, kwa kuwa kanuni inataka mtoto afunguliwe kwa mbonyezo mmoja tu wa kitufe, hata na mpita njia asiyewahi kukiona kiti hicho.

Haya, tukigeuze kiti tusome. Stika ni hii ya rangi ya chungwa. Herufi E iliyozungushiwa duara ndiyo ya kutafuta kwanza. Namba iliyo pembeni yake inataja nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Haina maana kwamba kiti ni cha nchi hiyo pekee. Hiki kimeandikwa R129, kisha 40–105 cm, na kikomo cha kilo 18. Maana yake kinamchukua mtoto tangu kuzaliwa mpaka sentimita 105, ilimradi hajazidi kilo 18, kwa hiyo mzani na futi vyote vinahitajika kabla ya kulipa. Usinunue kwa umri. Watoto wawili wa miaka miwili wanaweza kupishana sentimita 10. Kiti cha R44 namba zake za idhini zianze na 03 au 04. Zikianza na 01 au 02, kiache.

Upande wa kuelekea ndio uamuzi mkubwa kuliko bei, rangi au jina la kampuni. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, na mifupa ya shingo yake bado ni laini. Akitazama mbele, mabega yanazuiwa na mikanda, kichwa kinaruka, na shingo ndiyo inayovutwa. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinapokelewa pamoja na kiti. R129 inataka atazame nyuma angalau mpaka miezi 15. Mimi nasema hiyo ni chini kabisa. Wenzetu wa Sweden huwaacha watazame nyuma mpaka karibu miaka minne. Mzazi huona miguu imekunjwa akamhurumia akamgeuza. Miguu ikunjike tu. Mtoto hukaa vizuri akiwa amekunja, na mguu ukivunjika hutibika kwa urahisi kuliko shingo. Ila kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe kwenye siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule hufumka na kukipiga kiti mgongoni, pale kichwa cha mtoto kilipo.

Kufunga. Ingiza vidole kati ya mgongo na kalio la siti ya nyuma ya gari. Ukigusa vyuma viwili vyenye umbo la pete, vimeachana sentimita 28 toka katikati hadi katikati, hiyo ndiyo ISOFIX, na kiti hunaswa hapo moja kwa moja. Kina kikomo: kiti na mtoto kwa pamoja visizidi kilo 33. Viti vingi vya aina hii vina mguu unaoshuka hadi sakafuni. Hapo watu wengi hukosea, kwa sababu baadhi ya magari yana sanduku la kuhifadhia vitu chini ya sakafu, na mfuniko wake hauwezi kubeba nguvu ya mguu ule. Soma kitabu cha gari, au angalia orodha ya magari ambayo mtengenezaji wa kiti huitoa. Kama bado hujui utanunua gari gani, chagua kiti kinachofungwa kwa mkanda wa kawaida wa pointi tatu. Mkanda upite kwenye njia zilizochorwa: buluu kiti kikitazama nyuma, nyekundu kikitazama mbele. Ukishamaliza, kishike pale mkanda unapopita, kisukume huku na huku. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, fungua uanze upya, ukikandamiza kiti kwa goti wakati unavuta mkanda.

Mikanda ya mtoto mwenyewe: akitazama nyuma, itokee usawa wa bega au chini kidogo, akitazama mbele, usawa wa bega au juu kidogo. Vuta, kisha jaribu kuubana mkanda wa bega kwa vidole viwili kama unayefinya kitambaa. Ukipata mkunjo, bado umelegea.

Na baridi itawakuta. Nawaomba mfanye jaribio hili nyumbani. Mvalishe koti nene la sufi, mfunge mpaka mkanda ukaze. Mtoe bila kulegeza chochote, mvue koti, mrudishe, funga tena. Mtaona mkanda unaning'inia, ngumi nzima inapita. Kwa upana huo ndivyo mwili wake utakavyorushwa mbele kabla ya kushikwa, kwa kuwa koti hubonyea lote wakati wa ajali. Mfunge na sweta jepesi, kisha mfunike blanketi juu ya mikanda.

Kuhusu mitumba, ambayo sisi sote tumeizoea: nguo sawa, kiti hapana, isipokuwa cha mtu unayemwamini kwa kila neno. Kiti kilichopata ajali hakitumiki tena hata kama hakina mkwaruzo, maana povu gumu la ndani likishabonyea halirudi, na ufa wa plastiki hujificha chini ya kitambaa.

Siku ya kufika je? Sheria ya Uingereza inaruhusu teksi isiyo na kiti cha mtoto kumchukua. Aliye chini ya miaka mitatu anaruhusiwa kukaa siti ya nyuma bila mkanda. Ni halali, lakini zile kilo 200 hazijui kama gari ni teksi. Agizeni kiti mtandaoni kabla ya safari, kipelekwe kwa mwenyeji wenu, naye akifunge kwenye gari atakalokuja nalo uwanja wa ndege. Mtumieni urefu na uzito wa mtoto wa wiki hiyo hiyo. Safari ikiwa ndefu, simameni kila baada ya saa 2 mumtoe. Mtoto mchanga simameni mapema zaidi, kwa sababu kidevu kikiangukia kifuani hewa inaziba.

Wanaokwenda Dubai au Abu Dhabi: huko mtoto wa chini ya miaka minne asiye na kiti ni faini ya dirhamu 400. Madukani mtakuta viti vya Ulaya na vya Marekani vimepangwa pamoja, hivyo someni stika kwa makini mara mbili.

Na mkirudi nyumbani na kiti chenu, kumbukeni magari mengi ya zamani yanayotoka Japani hayana ISOFIX, na siti ya katikati nyuma mara nyingi ina mkanda wa kiunoni tu. Kiti kinachotaka mkanda wa pointi tatu hakifungwi hapo. Kiwekeni pembeni, nyuma ya abiria, upande wa kando ya barabara mnakoteremkia.