Kuingia Ndani ya Daraja: Matembezi ya Kaunti ya Madison, Iowa, Marekani

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mnaishi Des Moines, na Winterset, makao makuu ya Kaunti ya Madison, iko upande wa kusini-magharibi, mwendo wa dakika 40 hivi kwa gari. Wengi wanaokwenda huko hupiga picha ya daraja jekundu la mbao lenye paa kwa mbali, wakageuza gari. Leo tuingie ndani.

Tuanze na paa. Mtu hudhani liliwekwa kumkinga msafiri na mvua, kumbe linalokingwa ni daraja lenyewe. Boriti nene za sakafu ndizo zilizokuwa ghali kubadilisha. Mbao za paa na za ubavuni zilikuwa nafuu. Kaunti hii iliwahi kuwa na madaraja 19 ya namna hii. Leo yamebaki 6.

Kati ya hayo, Roseman la 1883 na Hogback la 1884 yalijengwa na Benton Jones. Ukiingia, simama katikati utazame ukutani. Mbao zimelazwa mshazari, nyingine kuelekea kushoto, nyingine kulia, zikapishana kama nyuzi za wavu wa samaki, na kila zinapokutana zimeshikizwa kwa vigingi vya mbao. Mpango huu ulisajiliwa na msanifu majengo Ithiel Town mwaka 1820. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji magogo makubwa wala chuma kingi: fundi seremala wa kawaida anatosha. Uzito wa gari la farasi hauangukii ubao mmoja, hugawanywa kwenye mbao nyingi. Ila zile sehemu za kupishana ndizo udhaifu wake. Maji yakipenya kati ya mbao mbili hayapati jua wala upepo, na uozo huanzia hapo, hasa chini, karibu na sakafu. Ndiyo maana nasisitiza msichonge majina yenu. Kila mkato ni mlango mwingine wa maji.

Sasa njia. Mkitoka Des Moines shukeni na barabara kuu ya I-35, mkaanzie St. Charles penye daraja la Imes la 1870, moja kati ya mawili yaliyo makongwe kuliko yote. Lilihamishiwa hapo mwaka 1977. Kisha elekeeni magharibi hadi Winterset, kwenye bustani ya mji, mkaone Cutler-Donahoe, nalo la 1870, kazi ya Eli Cox. Angalieni paa lake la mgongo, halafu mlilinganishe na paa bapa la Roseman. Holliwell la 1880, refu kuliko yote kwa mita 37 hivi, liko kusini-mashariki ya mji. Kwa siku moja madaraja matatu au manne yakitazamwa vizuri yanatosha. Ukikimbilia yote sita, jioni utakuwa umeona vumbi tu.

Na vumbi lipo kweli, kwa sababu barabara nyingi za huko ni za kokoto. Punguza mwendo kabla ya kona, maana ukifunga breki ghafla juu ya kokoto gari linateleza. Ukipanda kilima, kaa kulia kabisa. Trekta linaweza kutokea ng'ambo. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka. Ukiona kibao cha njano kilichoandikwa "Level B", geuka hata kama simu inakuambia nenda. Hiyo ni barabara ya udongo isiyotunzwa sana, na mvua ikinyesha gari dogo linazama hadi kwenye ekseli.

Makumbusho ya mjini mengi ni madogo. Pigeni simu siku moja kabla, hasa miezi ya baridi, kwa kuwa mengine hufungwa msimu mzima. Nyumba alimozaliwa mwigizaji John Wayne mwaka 1907 inajulikana sana. Mimi ningewaomba msipite bila kufika kwenye kijibustani cha George Washington Carver. Huyu alizaliwa mtumwa Missouri, akafika Winterset mwishoni mwa miaka ya 1880, akawa mpishi hotelini. Mume na mke wa ukoo wa Milholland, aliokutana nao kanisani, ndio waliomhimiza aende Chuo cha Simpson, Indianola, kaunti ya jirani. Alianza huko 1890, mwaka uliofuata akaingia chuo cha kilimo huko Ames, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi. Walete watoto hapo, muwasimulie mkiwa mmesimama palepale.

Wakati wa kurudi piteni daraja la Cedar, kaskazini ya mji. Lilijengwa 1883, likachomwa moto makusudi 2002, likajengwa upya, likachomwa tena 2017. Mnaloliona sasa lilikamilika 2019, kwa mfano wa lile la kwanza. Egesheni gari mbali kidogo, zimeni sigara kabla ya kushuka, muingie kwa miguu. Baada ya kuona mbao za Imes asubuhi, pitisheni mkono kwenye mbao hizi mpya.