Kilti Ibaki, Upanga Ukae Makumbusho

Habari zenu ndugu zangu huko nyumbani! Leo nipo Edinburgh, na naongelea kilti, maana kila nikiweka picha za wanaume wa Skotilandi mnaniandikia, "Mbona wamevaa sketi?" Jamani, acheni. Hilo vazi limewahi kupeleka watu jela.

Mwaka 1746 watu wa milimani waliomfuata Charles Stuart, mwanamfalme aliyetaka kurudisha ukoo wake kwenye kiti cha ufalme wa Uingereza, walishindwa pale Culloden, kaskazini mwa Skotilandi. Walilivamia jeshi la mfalme kwa panga pana na ngao za duara, wakapokewa kwa mizinga na bunduki. Haikufika hata saa moja. Bunge la London likapiga marufuku mavazi yao: ukikamatwa mara ya kwanza, miezi sita gerezani; ukirudia, unapelekwa ng'ambo miaka saba. Walioruhusiwa ni wanajeshi wa mfalme tu, mpaka sheria ilipofutwa 1782.

Kwa hiyo nikimwona bwana harusi wa hapa na kilti yake ya sufu, kitambaa kama mita saba, marinda nyuma, mbele bapa, kimkoba cha ngozi kiunoni na kisu kidogo kwenye soksi, naona suti haifui dafu. Kisu hicho sheria inakikubali kwa kuwa ni sehemu ya vazi la taifa. Watu wa Unguja na Mombasa, fikirieni jambia na kanzu.

Lakini kuna wanaotamani pia enzi za kumalizana kwa upanga, ati huo ndio uanaume. Mimi hapana kabisa! Pambano la mwisho la heshima lililoua mtu Skotilandi lilikuwa 1826, karibu na Kirkcaldy, na wakati huo watu walishahamia bastola. David Landale, mfanyabiashara wa vitambaa, aligombana na George Morgan wa benki yake kwa mambo ya mikopo. Morgan akampiga mwavuli barabarani, Landale akamwita uwanjani, akamuua. Mahakama ikamwachia. Mtu amekufa kwa ugomvi wa benki na mwavuli, heshima iko wapi hapo?

Kuhusu mitindo ya sasa, kuna wabunifu hapa wanaoshona kilti za jinzi, hata za ngozi. Mimi nazipenda, kwa sababu kijana anazivaa siku ya kawaida, hasubiri harusi. Zinazoniudhi ni zile nyepesi za poliesta wanazouziwa watalii, marinda hayakai.

Mafundi cherehani mlioko huko, niandikieni: mita saba za sufu, marinda yote kwa mkono, mngelipisha shilingi ngapi?