Kibanio, Si Wino Peke Yake

Ndugu mafundi, tuanze na kadi ya harusi. Imetoka mashineni safi, imekatwa, na sasa mgongo wake una kivuli cha picha ya kadi iliyokuwa chini yake. Lawama hupewa wino. Wino una sehemu yake, lakini nasema wazi: tazameni kibanio kwanza.

Kibanio cha gilotini, mashine ya kukatia karatasi, hushuka kabla ya kisu, kikalikandamiza rundo lisiteleze. Namba mnayoweka kwenye geji ni nguvu yote ya kibanio. Haiwaambii kila sentimita ya karatasi inabeba kiasi gani. Karatasi yenye upana wa sentimita 90 huigawana nguvu hiyo. Mkishafika kipande cha sentimita 9, nguvu ileile yote inaangukia hapo: mkandamizo umepanda mara 10, na hakuna aliyegusa geji. Ndiyo maana alama hutokea kwenye mikato ya mwisho. Basi kila upana unapopungua, teremsheni nguvu. Au pangeni mafungu kadhaa ya kimo kimoja kando kwa kando, yabebe mzigo pamoja.

Mtauliza: tukilegeza, kisu hakitavuta karatasi za juu? Kitavuta, hasa kikiwa butu. Kinoeni. Kwa kazi yenye rangi nzito, rundo lisizidi sentimita 3 au 4, maana rundo fupi halihitaji kubanwa sana. Juu yake wekeni kadibodi, ikatwe pamoja nalo. Futeni na uso wa chini wa kibanio.

Poda inayonyunyizwa wakati wa kuchapa hutenganisha karatasi zikiwa zimerundikwa tu. Chini ya kibanio haitoshi.

Sasa wino wenyewe. Wino wa ofseti, uchapaji wa kupitisha picha kutoka bamba hadi mpira kisha karatasi, hutulia kwanza, mafuta yake yakinywewa na karatasi, halafu hukakamaa kwa oksijeni ya hewani. Kutochafua vidole si kukauka. Karatasi laini isiyong'aa huchelewa kuliko inayong'aa. Ipeni saa 24, na zaidi rangi ikiwa nzito. Maji ya kulowesha bamba la mashine ya kuchapa yakiwa na asidi nyingi, yaani pH (kipimo cha asidi) chini ya 4.5, nayo huchelewesha.

Kupima, chomoeni karatasi ya katikati ya rundo, kwani huko hewa ni haba. Lazeni karatasi nyeupe juu ya sehemu yenye wino mzito kuliko zote, msugue kwa ukucha wa gumba. Nyeupe ikishika rangi, msikate, hata kama mteja amesimama mlangoni.